MZIGO ULIOKABIDHIWA NI AMANA

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanachama wa reli mbele ya wafanya kazi, wazee na jamaa zao, Kegonga)



 Tumeombwa kusema juu ya mizigo ya abiria wa ndege: jinsi inavyovunjwa, jinsi inavyoibwa vitu ndani yake, na jinsi mwenye mali awezavyo kudai haki yake. Huenda baadhi yenu mwauliza, watu wa reli wana habari gani ya mizigo ya ndege? Tena hapa Kegonga hapana reli, wala hapana uwanja mkubwa wa ndege. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 ikakomea mbali na sisi, na ndege kubwa mtu huzifuata Kisumu au Nairobi.

Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, kazi yetu sisi ni kupokea mali ya watu mahali pamoja na kuikabidhi mahali pengine ikiwa salama. Hiyo ndiyo kazi ya ndege pia, ila yao inakwenda juu na yetu inakwenda chini. Pili, watoto wetu wanasafiri. Zamani baba zetu walitoka hapa kwenda kuchuma chai Kericho, au kuingia katika jeshi na polisi. Leo vijana wetu, na hasa binti zetu, wanapanda ndege kwenda Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani, za ulinzi na za kufagia. Wanakaa miaka miwili au zaidi. Wanaporudi, jasho la miaka hiyo liko katika sanduku moja au mawili. Basi sanduku likivunjwa, kilichovunjwa ni mshahara wa mfanya kazi.

NJIA AMBAYO SANDUKU HUPITA

Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Mtu akikabidhi sanduku pale mezani, yeye huenda upande wake na sanduku upande wake, nao hawaonani tena mpaka mwisho wa safari. Hebu tulifuate hilo sanduku.

Kwanza hupimwa kwa mzani, likafungwa karatasi yenye namba ya tarakimu kumi na herufi tatu za uwanja linakokwenda. NBO ni Nairobi, KIS ni Kisumu, MBA ni Mombasa. Kipande kidogo cha namba hiyo hupewa abiria. Kisha sanduku hupanda ukanda unaotembea, likapita katika mashine ya usalama inayoona vilivyomo ndani. Mashine ikitia shaka, pengine hufunguliwa na maafisa. Kutoka hapo hufika chumba cha kupanga mizigo, likatiwa katika gari la kukokotwa, likapelekwa mpaka tumbo la ndege. Huko wapagazi hulipokea. Katika ndege nyingine mizigo hutiwa kwanza katika makasha makubwa ya bati. Katika nyingine sanduku moja moja huinuliwa kwa mikono, na mpagazi aliye ndani hufanya kazi kwa magoti, maana dari ni fupi na hawezi kusimama.

Ikiwa abiria abadili ndege njiani, yote hayo hurudiwa katika uwanja wa pili, tena kwa haraka, maana ndege ya pili haingoji. Ndipo sanduku hufika Nairobi, likashushwa, likawekwa katika gari, likamwagwa juu ya ukanda wa mwisho. Abiria wa Kegonga hulichukua hapo, akalipeleka kituo cha mabasi, likatupwa katika buti au juu ya paa, likasafiri usiku kucha.

Tukihesabu mikono iliyolishika sanduku hilo, haipungui kumi, na mara nyingi ni zaidi. Baadhi ya mikono hiyo iko nchi za mbali. Hili twataka mlikumbuke, maana tutalirudia.

KUPOTEA, KUVUNJIKA NA KUIBWA

Mambo haya si mamoja. Mzigo mwingi unaosemwa umepotea haukupotea kabisa, bali umechelewa: umeachwa katika uwanja wa kati, au umepandishwa ndege nyingine. Kampuni ya SITA, ambayo hufanya kazi ya mitambo ya habari za viwanja vya ndege, hutoa hesabu kila mwaka. Mwaka 2007 mizigo iliyoharibikiwa kwa njia yo yote ilikuwa karibu 19 kwa kila abiria 1,000 ulimwenguni. Mwaka 2024 ilikuwa 6.3 kwa kila abiria 1,000. Sehemu kubwa ya hiyo ilichelewa tu, ikaonekana. Kwa hiyo mtu asilie kabla ya wakati. Lakini pia asilale, maana dawa ya yote ni moja: kuandika upesi.

Kuvunjika huja kwa haraka ya kazi, kwa mikanda inayonasa vishikio, kwa sanduku kushindiliwa kupita kiasi, na kwa wapagazi kuwa wachache wakati ndege ni nyingi. Mwizi naye hutafuta vitu vitatu: kitu kidogo, chenye bei, na kisichoandikwa mahali po pote. Simu, saa, dhahabu, manukato, fedha. Wengi hutumaini kufuli, lakini sanduku la zipu laweza kufunguliwa kwa ncha ya kalamu na kufungwa tena bila kufuli kuguswa. Zipo pia kufuli za aina ambayo wakaguzi wa Marekani wana funguo zake. Picha za funguo hizo zilitoka magazetini huko Marekani, na kufika mwaka 2015 watu walikuwa wanatengeneza nakala zake majumbani. Kufuli humzuia mtu mwaminifu asishawishike na humchelewesha mwizi. Zaidi ya hapo haina nguvu.

SHERIA INASEMA NINI

Hapa ndipo wengi wetu hudanganywa, kwa sababu maandishi ya sheria ni ya Kiingereza na herufi zake ni ndogo. Basi tutaieleza polepole.

Yapo mapatano ya mataifa juu ya safari za ndege kutoka nchi moja hadi nyingine. Ya kwanza yaliandikwa Warsaw mwaka 1929. Mapya yaliandikwa Montreal mwaka 1999, yakaanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003. Kenya imo katika mapatano hayo ya Montreal, na Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu zimo pia. Kwa hiyo binti yetu akirudi kutoka huko, mapatano hayo yanamlinda. Tazameni mambo makubwa yaliyomo.

Jambo la kwanza. Mzigo uliokabidhiwa ukiharibika au ukipotea ukiwa mikononi mwa kampuni ya ndege, kampuni ina deni. Abiria halazimiki kumtaja mwizi, wala kuonyesha ni nani aliyeutupa. Yatosha kuonyesha kwamba aliukabidhi mzima na umerudi na hasara. Kampuni huokoka ikiwa hasara ilitokana na ubovu wa mzigo wenyewe. Lakini mkoba ulioingia nao ndani ya ndege ni mwingine: huo ukipotea, kampuni hulipa ikiwa kosa ni lake au la watu wake.

Jambo la pili. Malipo yana mpaka. Mpaka huo huhesabiwa kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kiitwacho SDR. Mwaka 1999 ulikuwa 1,000 kwa kila abiria. Kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 ni 1,519, yaani kiasi cha Dola 2,000 za Marekani, au Shilingi laki mbili na nusu na zaidi za Kenya, kwa kadiri bei ya fedha inavyobadilika. Angalieni sana: ni kwa abiria, si kwa sanduku. Tena huo ni mpaka wa juu, si zawadi. Atakayelipwa ni yule aonyeshaye thamani ya mali yake. Mwenye mali ya thamani zaidi aweza kuitangaza mezani kabla ya safari na kulipa ada inayotakiwa, na mpaka wake utakuwa mkubwa zaidi.

Jambo la tatu, na hili lishikeni kuliko yote. Mzigo ulioharibika, au uliopungua vitu, yapasa kulalamika kwa maandishi katika siku 7 tangu kuupokea. Mzigo uliochelewa, katika siku 21 tangu kuupata. Mzigo ambao haukufika kabisa siku 21 baada ya siku uliyopaswa kufika, mwenyewe aweza kuudai kama uliopotea. Siku hizo ni siku zote za kalenda: Jumapili imo, Krismasi imo, siku ya mazishi imo. Na anayetaka kwenda mahakamani ana miaka miwili, haizidi.

Jambo la nne. Ukipanda ndege mbili au tatu za kampuni mbalimbali kwa safari moja, waweza kuidai kampuni ya kwanza, au ya mwisho, au ile iliyokuwa na mzigo ulipoharibika. Wasikuzungushe kwa kusema, nenda kwa wale, na wale waseme, rudi kwa hawa.

Jambo la tano. Neno lo lote katika tikiti linalojaribu kuiondolea kampuni deni hilo, au kuushusha mpaka huo, ni neno bure katika safari za namna hii. Na ikiwa safari yako ilikuwa yaishia Kenya, waweza kufungua madai yako katika mahakama ya Kenya.

Kwa safari za ndani ya nchi, kama Kisumu na Nairobi, soma masharti ya tikiti yenyewe, kwa sababu hayo mapatano ni ya safari za mataifa.

MFANO WA HAPA KWETU

Binti mmoja wa upande huu, ambaye jina lake hatulitaji, alirudi kutoka Uarabuni baada ya kazi ya miaka miwili. Aliweka ndani ya sanduku simu mbili mpya, vipuli vya dhahabu vya mama yake, na nguo. Alipolichukua Nairobi, sanduku lilionekana zima na kufuli yake ipo. Akalipakia basi, akafika nyumbani usiku. Ndugu na majirani walikuja, mbuzi akachinjwa, na kwa heshima ya wageni sanduku halikufunguliwa mpaka siku ya pili. Simu hazikuwamo, wala vipuli. Mahali pake palikuwa pamejazwa taulo asilolijua.

Akanyamaza siku nyingi kwa haya, maana wako walioanza kunong'ona kwamba hakununua kitu, au vitu vyake alimpa mtu. Ndugu, hilo ndilo jeraha kubwa. Kuibiwa ni hasara ya mali, lakini kushukiwa na watu wa nyumbani mwako ni hasara ya jina. Alipokwenda mwisho kwa kampuni ya ndege, siku ya 7 ilikuwa imepita zamani. Wakamwambia maneno matatu: hukuandika kwa wakati, huna risiti za vitu, na mzigo ulipanda basi baada ya kutoka kwetu. Hakupata hata senti moja.

Hatusemi kampuni ile ilimwibia. Twasema tu kwamba alishindwa kwa sababu ya karatasi. Na karatasi ni jambo ambalo laweza kufundishwa.

DESTURI YA RELI

Katika reli tuna desturi ya zamani, nayo yafaa kwa kila msafiri. Mtu apokeapo behewa au kifurushi kutoka kwa mwenzake, hutazama lakiri kabla ya kutia sahihi. Lakiri ikiwa imevunjwa, huandika hapo hapo: nimepokea lakiri ikiwa imevunjwa. Akitia sahihi kimya, tangu saa ile uvunjaji ni wake, hata kama lakiri ilivunjwa vituo vitano nyuma. Hakuna atakayemsikiliza baadaye.

Mapatano ya ndege yasema vivyo hivyo. Mtu akipokea mzigo bila ya kulalamika, huhesabiwa kwamba ameupokea mzima, mpaka yeye alete ushahidi mwingine. Kwa hiyo, ndugu, ukanda ule wa mwisho pale uwanjani ni mahali pa kutia sahihi. Usiondoke kimya.

Twawapa sasa mambo ya kufanya, na tumeomba yaandikwe kwa namba ili yabandikwe ukutani.

1. Kabla ya safari, andika orodha ya vitu vyote, na bei. Weka risiti. Piga picha ya sanduku likiwa wazi, na tena likiwa limefungwa. Picha hizo mtumie ndugu nyumbani, zisikae katika simu yako peke yake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Fedha, dhahabu, simu, pasi, vyeti na dawa visitiwe katika sanduku la kukabidhi. Vichukue mwenyewe mkononi. Fedha zitume kwa benki au kwa simu. Betri za akiba za kuchajia simu hazitakiwi kabisa katika sanduku la kukabidhi, kwa ajili ya hatari ya moto. Hizo huchukuliwa mkononi.

3. Andika jina na namba ya simu ndani ya sanduku pia, si nje tu, maana karatasi ya nje hung'oka. Ondoa karatasi za safari za zamani, zisiipotoshe mitambo.

4. Pale mezani, soma herufi tatu zilizofungwa sandukuni. Kama waenda Nairobi, zisome NBO. Tazama uzito ulioandikwa, na uuhifadhi. Kipande cha namba usikitupe mpaka umefika nyumbani na kufungua kila kitu.

5. Ukilipokea, litazame pande zote, lipime kwa mkono, na ukiona limekuwa jepesi omba lipimwe kwa mzani. Kilo zilizopungua ni shahidi asiyehongwa. Lifungue kabla hujatoka katika ukumbi ule, hata kama gari lakungoja. Ukishalipandisha basi, hapana awezaye kujua tena hasara ilitokea wapi.

6. Ukiona kasoro, nenda katika afisi ya mizigo ya kampuni iliyo hapo hapo, ujaze fomu ambayo wao huiita PIR. Chukua nakala yenye namba. Lakini fomu hiyo pekee usiitegemee. Andika pia barua ya madai katika zile siku 7, uitume kwa njia inayoacha alama ya tarehe.

7. Uliza swali hili: mzigo wangu uliandikwa mwisho wapi? Tangu Juni 2018 umoja wa makampuni ya ndege, IATA, umewataka wanachama wake kufuatilia mzigo mahali pane: unapopokewa, unapopakiwa, unapopewa ndege nyingine, na unaporudishwa kwa mwenyewe. Kwa hiyo jibu la "hatujui" si jibu.

MAKULI NA WAPAGAZI NI NDUGU ZETU

Sasa twaja katika neno ambalo ni zito kwetu kama watu wa chama. Kila mara mzigo ukiibwa, watu husema: makuli wa uwanja ni wezi. Twawaomba msiseme hivyo. Tulihesabu mikono kumi na zaidi. Kati ya hiyo wako maafisa wa ukaguzi, wako watu wa nchi nyingine, wako watu wa basi. Mpagazi ndiye aonekanaye, kwa hiyo ndiye alaumiwaye.

Lakini hatutasema pia kwamba hakuna mwizi kati ya wafanya kazi. Chama kinachomficha mwizi kinawauza wanachama mia walio waaminifu, maana kwa ajili ya mmoja wote hupekuliwa, wote hushukiwa, na tajiri hupata sababu ya kuleta kontrakta wa bei rahisi. Mwizi aibaye sanduku la mfanya kazi mwenzake aliyetoka ugenini ameiba mshahara, sawasawa na tajiri anayekata mshahara bila ya haki.

Basi msimamo wetu uwe huu. Mwenye hatia aadhibiwe baada ya kuthibitishwa. Asiye na hatia alindwe mpaka mwisho. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa kosa hana budi kumweleza sababu kwa lugha anayoifahamu, na kumsikiliza akiwa na mwenzake au mjumbe wa chama amchaguaye mwenyewe. Na kifungu cha 19 hakimpi tajiri ruhusa ya kukata mshahara kwa kila mali iliyopotea mikononi mwake. Chataka ionekane kwamba mfanya kazi mwenyewe aliisababisha hasara kwa makusudi. Hayo si ya watu wa ndege peke yao. Ni yetu sisi wa reli, ni ya ninyi walimu, ni ya watu wa stoo za tumbaku na mahindi.

Tena tudai mambo yanayozuia wizi kabla haujatendeka. Taa na kamera katika vyumba vya kupanga mizigo, na picha zake zitumike kumtetea mwaminifu kama zinavyotumika kumshika mwovu. Watu wa kutosha katika kila kikosi, maana sanduku hutupwa na mtu aliyeambiwa afanye kazi ya watu wanne. Kazi ya kudumu na mshahara wa kutosha badala ya vibarua vya mwezi kwa mwezi, maana mtu asiyejua kama kesho atakuwa na kazi hana sababu ya kulinda jina la kampuni. Na abiria naye amhurumie mgongo wa mpagazi. Katika safari nyingi mpaka wa kawaida ni kilo 23, na sanduku lizidilo kilo 32 halipokewi kama mzigo wa kawaida. Mpaka huo umewekwa kwa ajili ya mgongo wa yule aliye magotini ndani ya ndege. Mzigo mzito kupita kiasi hupasuka wenyewe, tena huvunja mtu.

Watu hao wana nguvu wakiungana. Tarehe 6 Machi 2019 wafanya kazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta waligoma, na safari zikasimama. Tarehe 11 Septemba 2024 waligoma tena, kupinga uwanja kukabidhiwa kampuni ya kigeni ya Adani, na kabla ya mwaka kwisha Serikali ikatangaza kuiacha mipango ile. Mikono ile inayolaumiwa kwa masanduku ndiyo hiyo hiyo iliyosimamisha ndege. Nguvu hiyo yaweza kutumika pia kudai kazi isafishwe.

MTU MMOJA NA WATU WENGI

Yuko mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll. Mwaka 2008 gitaa lake lilivunjwa katika safari iliyopitia Chicago, kwa ndege ya United Airlines. Kulitengeneza kulimgharimu Dola 1,200. Kampuni ilimkatalia, ikisema hakupeleka madai katika saa 24. Alibishana nao miezi mingi bila ya kufanikiwa. Ndipo akatunga wimbo juu ya gitaa lake, akautoa katika intaneti mwezi wa Julai 2009, na mamilioni ya watu wakautazama. Kampuni ikaona aibu, ikatafuta kupatana naye.

Sisi hapa hatuwezi sote kutunga nyimbo za kusikika ulimwenguni. Binti wa Kegonga akilalamika peke yake, sauti yake haifiki hata Migori. Ndiyo sababu tunaleta shauri mbele ya mkutano huu, ili mliamue:

Tawi liweke daftari moja, na katibu awe na barua ya madai iliyoandikwa tayari, yenye nafasi za jina, namba ya mzigo, tarehe na orodha ya vitu. Kijana aendaye ugenini aje kabla ya safari, aache nakala ya orodha yake. Arudipo na hasara, aje siku ile ile, barua ijazwe na kutumwa kabla siku 7 hazijatimia. Gharama yake ni karatasi na nauli ya mtu mmoja. Na madai yakikataliwa bila ya sababu, tawi liyapeleke makao makuu, nayo makao makuu yazungumze na chama cha wafanya kazi wa ndege, ndugu kwa ndugu, wakatazame upande wao kilichotokea.

Wazee na akina mama, kwenu tuna ombi jingine. Mtoto akirudi, msimwulize kwanza, umetuletea nini? Mwambieni: fungua sanduku lako, utazame kama vyote vimo. Wageni watangoja, na chai haitapoa. Akisema kitu kimepotea, msimshuku. Mpelekeni kwa katibu.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye swali na aulize sasa, na wale wenye watoto walio safarini wabaki kidogo baada ya mkutano, tuwaonyeshe namna ya kuandika orodha.

 Umoja ni nguvu.